Dakika Arobaini za Kwenda Sokolnec

Sura ya Kumi na Moja

Kadi aliyonijibu nayo ilikuwa na mistari miwili tu. Jumatano saa tisa alasiri, duka la keki la uwanjani. Nina dakika arobaini. Chini aliandika herufi B, basi.

Nilifika saa nane. Nilikuwa nimemsubiri Blažena miaka thelathini na sita, saa moja zaidi ningeimeza na kahawa. Nikachagua meza ya dirishani, uwanja wote wa mji mbele yangu, kanisa upande huu, nyumba za ghorofa mbili upande ule, na ukungu wa Novemba umelalia mapaa. Juu ya yote ilipaswa kuonekana ngome ya Sokolnec, mnara wake na kuta zake. Siku hiyo palikuwa peupe kama shuka.

Mama mwenye duka aliitazama tai niliyovaa.

"Unasubiri mtu au unasubiri mazishi?"

"Namsubiri Bibi Blažena."

"Blažena wa fundi kufuli?"

"Huyo huyo."

Aliipangusa meza yangu mara ya pili ingawa ilikuwa safi. "Basi nitakuletea kahawa kali," akasema. "Na keki ngoja aje achague mwenyewe. Huyo mama hajakaa kwenye kiti changu miaka miwili."

Saa tisa kamili mlango ukalia kengele. Nilisimama, nikagonga meza, kahawa ikamwagika. Nywele zake zilikuwa nyeupe na fupi kama za mvulana. Koti la kijivu, lililofungwa vifungo kwa haraka, kimoja kimeruka tundu lake. Shingoni alivaa uzi, na kwenye uzi ufunguo, mkubwa, wa kizamani. Lakini macho! Yalikuwa yale yale ya rangi ya chai iliyokaa kwenye birika, na yaliponikuta yalisimama, hayakuruka pembeni. Msichana wa miaka ishirini na moja alinitazama hivyo siku moja kutoka kwenye kiti cha bembea yangu ya maonyesho, ile ya minyororo, akizunguka juu ya vichwa vya watu, na kila alipopita nilikuwa nimeshamkosa.

"Umenenepa, Venda," akasema.

"Nimeacha kuruka kwenye bembea inayotembea."

"Keti, watu wanatazama. Unasimama kama unapokea jeneza."

Aliketi, akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani katikati yetu, uso wake juu. Sikupenda kuiona pale.

"Bibi Hedvika, jirani wa ghorofa ya chini, anakaa na Ctibor," akaniambia. "Saa tisa na dakika arobaini anakwenda kwenye kwaya ya kanisa. Hachelewi hata kama nyumba inaungua. Na yeye ana miaka themanini na moja, hawezi kumzuia akitaka kutoka. Kwa hiyo nimewafungia wote wawili." Akaugusa ufunguo. "Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka."

Nilikuwa nacheka kweli, na yeye pia, na kwa kitambo hicho kidogo hatukuwa wazee. Nilijua habari za Ctibor, alikuwa ameniandikia kwenye barua ya kwanza, ile fupi ya masika: mume wangu ni mgonjwa wa akili ya uzeeni, hanijui siku nyingine, sijui kwa nini nakuandikia haya. Nilijibu kurasa sita. Nilimwambia nimeiuza bembea, minyororo na viti vyote, kwamba nimechoka kulala kwenye gari, na kwamba kabla miguu haijanigomea nataka kitu kimoja tu: tupande Sokolnec, mimi na yeye, kama tulivyopanga zamani. Sikumwandikia kwamba nimepanga chumba karibu na stesheni, nimelipia mpaka kiangazi. Hilo nililiweka ndani ya koti pamoja na vitu vingine.

Mama mwenye duka alileta keki mbili za krimu bila kuulizwa. "Hii ni kwa sababu umetoka," akamwambia Blažena. "Kula. Umekonda kama ufagio."

Nikatoa karatasi yangu. Nilikuwa nimeichora usiku kucha, njia ya kupanda, saa za kufungua, kila kitu.

"Ngome imefungwa tangu mwisho wa Oktoba," nikaanza. "Wanafungua Aprili, lakini Aprili ni Jumamosi na Jumapili tu. Mei ndio wanafungua kila siku isipokuwa Jumatatu."

"Nimezaliwa chini yake, Venda. Unanieleza mimi?"

"Basi Mei. Nitaleta nyama."

"Nyama gani?"

"Ya kukaanga na chenga za mkate, katikati ya vipande viwili vya mkate, na tango la siki. Bila hiyo si matembezi."

"Ulikumbuka tango."

"Nakumbuka kila kitu. Ulisema ukumbini utavua viatu."

"Sikusema nitavua. Nilisema nitavaa zile kandambili kubwa za sufu wanazotuvalisha juu ya viatu tusikwaruze sakafu. Na wewe ulisema utanishika mkono tuteleze kutoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho, kiongozi wa wageni apige kelele mpaka achoke."

"Bado nasema."

Alikata kipande cha keki, hakukila. Niliona vidole vyake, kwenye ncha vilikuwa na mikwaruzo midogo.

"Dakika ngapi kupanda?" akauliza.

"Zamani ishirini na tano."

"Zamani. Sasa?"

"Nilipanda jana, kupima." Nilikohoa. "Arobaini na tano. Lakini nilipumzika."

"Arobaini na tano kwenda. Na kiongozi anawatembeza watu muda gani?"

"Dakika hamsini."

"Na kushuka thelathini." Alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, kama baba yake alivyokuwa akihesabu meno ya ufunguo. "Mimi nina dakika arobaini, Venda. Jumatano kwa Jumatano. Sina nyingine."

"Taksi."

"Barabara inaishia kwenye shamba la Prokop. Baada ya hapo ni mawe."

"Nitakubeba."

"Wewe? Uliyepumzika?"

Tukacheka tena, ila cheko lile lilikuwa limepungua.

"Basi tupande dakika ishirini," nikasema, "tushuke dakika ishirini. Jumatano ya kwanza ya Mei. Hata tusipoingia."

"Dakika ishirini tutakuwa tumefika wapi?"

"Kwenye benchi. Lile lenye sanamu ya mtakatifu."

"Kutoka kwenye benchi ngome inaonekana?"

Nilitazama karatasi yangu ingawa jibu halikuwamo. Jana nilikaa kwenye lile benchi kitambo kirefu.

"Hapana," nikasema. "Miti imeota."

"Zamani ilikuwa inaonekana," akasema Blažena, akaigeuza saa iangalie upande wake.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tatu. Nilihisi jambo linanitoka mikononi, kama mnyororo unapokatika mtu yuko hewani, na nikafanya nilichojiapia sitafanya. Nilitoa kijikaratasi alichonipelekea mwaka ule. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimekuwa laini kama ngozi ya sikio, na bado kilikuwa na doa la asali, maana nilikipata ndani ya mkate wa tangawizi wenye umbo la moyo, ule unaouzwa kwenye maonyesho.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," nikasema. "Halafu sitauliza tena mpaka nife. Kwa nini hukuja?"

Akaweka uma chini. "Kwa nini mimi sikuja?"

"Nilikaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka wakafunga lango. Nilivaa shati la ndugu yangu. Nilikata tiketi mbili."

"Ulikaa wapi?"

"Uliponiambia!"

Nikakisukuma kijikaratasi mbele yake. Mwandiko wake wa shule, umenyooka: Jumapili niko pod zámkem. Njoo unichukue.

Blažena alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Nikaona rangi inamtoka usoni taratibu, kuanzia kwenye paji.

"Ulikaa kwenye yale majani," akasema kwa sauti ndogo. "Chini ya ngome."

"Sasa nikae wapi? Umeandika chini ya ngome."

"Sikuandika ngome, Venda. Niliandika kufuli."

Kwa Kicheki chetu ni neno moja. Zámek ni kasri la mabwana, na zámek hiyo hiyo ni kufuli. Mtu akisema yuko pod zámkem, huenda amekaa kwenye majani chini ya kasri anakula tofaa, na huenda amefungiwa ndani kwa kufuli. Masikio hayakusaidii. Inabidi umjue anayesema ametoka nyumba gani.

"Baba yangu alikuwa fundi kufuli," akasema. "Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Tulikula juu ya meza iliyojaa kufuli. Alijua kuhusu sisi Ijumaa, nani alimwambia sijui, Jumamosi akanisukuma chumbani na kutia kufuli kwa nje. Akasema, mtu wa bembea anazunguka tu, hafiki popote, na wewe utazunguka naye mpaka utapike. Niliandika hiki, nikakipitisha chini ya mlango. Shangazi Růžena alikipeleka ndani ya mkate. Jumapili niko chini ya kufuli. Njoo unichukue. Ulikuwa na ngazi ndefu ya bembea! Nilikaa dirishani tangu asubuhi nimevaa koti."

"Tulikuwa tumepanga Jumapili tuende ngomeni," nikasema. "Nilidhani unaniambia tukutane pale chini kwanza."

"Sokolnec si zámek! Sokolnec ni hrad. Ngome ya vita ni hrad, kasri la fahari ndilo zámek. Kila mtoto anajua, tulichapwa kwa hilo darasa la tatu."

"Darasa la tatu nililisoma katika shule kumi na moja, Blaženka. Wiki hapa, wiki kule, popote bembea ilipofungwa. Siku ya hrad na zámek sikuwepo. Kwangu mimi kila kilicho na mnara ni zámek mpaka leo."

Alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakatikisika na nikadhani analia. Kumbe anacheka, cheko baya, lisilo na pumzi, na mama mwenye duka akageuka nyuma ya kaunta akajifanya anapanga vijiko.

"Miaka thelathini na sita," akasema alipoweza. "Nilisema: alipata msichana mwingine, mji unaofuata. Nilikuchukia vizuri sana. Nilikuchukia kila Septemba bembea zilipokuja."

"Mimi nilisema: ameogopa. Amemchagua baba yake."

"Jumatatu asubuhi nilisikia magari yenu yanapita chini ya dirisha. Nilipiga kioo mpaka kikapasuka."

"Zile injini. Mtu hasikii hata jina lake."

Nilimshika mkono. Aliuacha. Ulikuwa baridi na mkavu, nao ulinijua. Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na nilifikiri, sasa. Sasa tumejua. Hakuna aliyekosa. Sasa nitamwambia habari ya chumba.

"Nimepanga chumba karibu na stesheni," nikasema. "Kina madirisha mawili. Nimelipa mpaka Agosti."

"Usiseme, Venda."

"Kuna nyumba nzuri za kutunza wagonjwa kama Ctibor. Nimeuliza. Kuna moja ina bustani."

"Binti yangu Svatava ananiambia hivyo kila Jumapili. Na dada yake Ctibor. Na daktari. Usiwe wa nne." Hakuutoa mkono, lakini vidole vikawa vizito. "Hujaniuliza nani alinifungulia."

Kweli sikuwa nimeuliza.

"Jumatatu jioni baba alikwenda baa. Nikasikia waya kwenye kufuli. Kijana wa kazi wa baba, yule mrefu asiyesema, hata jina lake ulikuwa hulijui. Ctibor. Alikuwa akinipenda, nilijua, kila mtu alijua, na yeye alijua nikitoka nakwenda kwako. Akalifungua. Nilikuwa nimesikia magari, lakini nikakimbia mpaka uwanja wa maonyesho, labda umebaki, na pale bembea yako ilipokuwa nikakuta duara la nyasi za manjano. Nilisimama katikati ya duara. Yeye alikuja nyuma yangu amebeba koti langu la pili, maana kulikuwa na mvua. Hakunishika wala hakusema kitu. Baba alimfukuza kazi kesho yake."

Nilitazama saa. Dakika tisa.

"Sasa anatoka," Blažena akaendelea. "Akiachwa anatoka, anakwenda mtoni, anasema anachelewa kazini. Nimebadilisha vitasa mara nne. Anavifungua vyote. Jina langu limemtoka, la binti yake limemtoka, lakini mikono yake haijasahau. Waya wa sidiria yangu, uma, chochote. Anavifungua, ananiangalia, anatabasamu kama mtoto. Nilichoweza ni kutia kufuli kwa nje, mahali waya wake haufiki." Akauinua ufunguo kutoka kifuani. "Unajua ni kufuli gani?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nilitikisa kichwa asiseme.

"Lile lile la baba," akasema. "Ndilo pekee lililokuwa na nguvu. Ninapolibana kila Jumatano namsikia upande wa pili anakwaruza mbao. Mtu aliyenifungulia mimi. Halafu nimpeleke kwenye bustani ya watu, milango ya umeme, akwaruze mpaka kucha zitoke?"

"Sikukuambia umpeleke."

"Umeniambia ina bustani."

Kulikuwa na kitu cha kusema, mtu mwenye masomo angekijua. Mimi nilimtazama tu, nikijaribu kumkariri: kifungo kilichoruka tundu, krimu kidogo kwenye kona ya mdomo, ufunguo ukipanda na kushuka juu ya pumzi zake. Na yeye alinitazama vile vile, bila haraka, kama vile saa si yake.

"Ungekuja na ngazi," akauliza, "kama ungelisoma sawasawa?"

"Ningeng'oa dirisha."

"Ndiyo," akasema. "Najua. Hilo ndilo nilitaka kulijua."

Alimwomba mama mwenye duka kalamu. Akakilaza kijikaratasi juu ya meza, akakinyoosha kwa ukingo wa kiganja, na baada ya maneno pod zámkem akaongeza neno moja, kwa mwandiko ule ule. Doma. Nyumbani. Jumapili niko pod zámkem, nyumbani. Njoo unichukue. Akapuliza wino ukauke, akakikunja mara nne, akaniwekea mfukoni mwa koti mwenyewe na kukipigapiga, kama anamwandaa mtu anayekwenda safari.

"Mei," nikasema. "Jumatano ya kwanza. Mpaka kwenye benchi."

"Usiniandikie tena, Venda."

"Nitaleta tango."

"Najua utaleta." Alikuwa amesimama, anavaa saa. "Ndiyo maana nakuambia usiniandikie. Ukiniandikia nitakuja. Nikija dakika ishirini, siku moja sitageuka kushuka. Na yeye yupo kule anakwaruza mlango."

Akainama. Nilidhani ataninong'oneza kitu, akaweka tu shavu lake juu ya shavu langu, likakaa pale muda wa kuvuta pumzi mbili. Alinuka sabuni na mafuta ya kufuli. Kengele ikalia, na kupitia dirisha nikaliona koti la kijivu likikatiza uwanja, kwanza kwa hatua, kisha kwa mbio, maana ilikuwa imepita dakika moja.

"Hajala keki," akasema mama mwenye duka.

"Mfungie," nikasema. "Nitampelekea."

Alijua sitampelekea, lakini alifunga, kwa karatasi nyeupe na kamba, akafunga fundo vizuri.

Nilijua nyumba. Ni ya pili kutoka kona, mlango wa kijani, ngazi tatu za jiwe. Nilipofika bibi kizee mwenye kitabu cha nyimbo, bila shaka Hedvika, alikuwa anatoka mbio kuelekea kanisani, hakunitazama. Nilisimama chini ya ngazi na kifurushi mkononi. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye pete yake, wazi, mdomo umeachama, ufunguo umo ndani na uzi wake unayumba bado. Nyuma ya mbao nilisikia kitu kinakwaruza, kidogo kidogo, kwa subira ya fundi, na sauti yake ikisema, "Niko hapa, Ctibor. Nimerudi. Hakuna kazi leo, mpenzi, baba amefunga."

Safari hii nilikuwa nimefika mahali penyewe. Nilikuwa na karatasi iliyoandikwa sawasawa, na mlango haukuwa umefungwa. Ungeweza kuusukuma kwa kidole.

Nikaiweka keki kwenye ngazi ya juu, mahali atakapoikuta akitoka kulibana kufuli Jumatano ijayo au kabla, nikageuka kuelekea stesheni. Juu ya mapaa ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na mtu yeyote aliyeinua macho angeiona Sokolnec yote, mnara na kuta. Mimi sikuinua.